Dai Dogo Linalotetewa: Hotuba kwa Wanafunzi, Wazazi na Walimu kuhusu Kura ya Maoni California

Wazee wetu, shikamooni. Walimu, poleni na kazi. Na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele, maana mambo ya leo ni yenu kuliko ya mtu mwingine yeyote humu ndani.

Tumeombwa tuzungumzie namna mwanafunzi anavyokomaa akiingia kwenye utafiti na kampeni ya kura ya maoni. Wengi wakisikia hivyo huwaza mabango, fulana za rangi moja, na kijana aliyeshika kipaza sauti mbele ya ukumbi wa jiji. Hayo yapo, na yana raha yake. Lakini sisi ukomavu tunautafuta kwenye daftari lake. Mwezi wa kwanza ameandika dai la mistari sita, limejaa haki na mustakabali. Mwezi wa sita dai limebaki mstari mmoja, na huo mmoja anaweza kuutetea mbele ya mwanasheria wa jiji, mbele ya mwandishi wa habari, na mbele ya baba yake mezani.

Mfano tutautoa hapa hapa kwenye Ghuba ya San Francisco: kampeni za kuwaruhusu vijana wa miaka 16 na 17 kupiga kura. Novemba 2016 San Francisco iliwauliza wapiga kura wake, kwa Pendekezo F, kama vijana hao wapige kura katika chaguzi zote za jiji. Waliosema ndiyo walikuwa takriban asilimia 48, likaanguka. Siku ile ile, ng'ambo ya ghuba, Berkeley iliuliza swali jembamba zaidi kwa Pendekezo Y1: vijana hao wachague bodi ya shule tu. Likapita kwa takriban asilimia 70. Mwaka 2020 San Francisco ilirudi na dai lile lile pana, Pendekezo G, likaanguka tena kwa takriban asilimia 49. Oakland mwaka huo huo ilichukua njia ya Berkeley, bodi ya shule peke yake, na Pendekezo QQ likapata zaidi ya asilimia 65.

Hatusemi kwamba upana wa dai ndio sababu pekee. Miji hii mitatu haina wapiga kura wa aina moja. Ila jaribuni kusimama mlangoni kwa mtu na kujibu swali hili: kwa nini kijana wa miaka 16 aamue juu ya deni la jiji la miaka 30? Jibu lipo, lakini ni refu, na mwenye nyumba ana chungu jikoni. Sasa badilisheni swali: kwa nini kijana wa miaka 16 asiwe na kura katika bodi inayopanga bajeti ya shule yake, inayoamua shule ipi ifungwe, inayomwajiri msimamizi mkuu wa shule za jiji? Hapo anayepaswa kutafuta maneno ni mpinzani.

Kufika kwenye swali hilo la pili kunahitaji utafiti, na utafiti unaanzia kwenye sheria. Karibu kila mwanafunzi huanza akiamini kwamba Katiba ya Marekani inasema mpiga kura ni mtu wa miaka 18. Akiyasoma Marekebisho ya 26, ya mwaka 1971, anakuta jambo jingine: yanakataza kumnyima kura, kwa sababu ya umri, raia aliyetimiza miaka 18. Hayasemi kwamba aliye chini ya hapo hawezi kupewa. Mji wa Takoma Park, Maryland, ulishusha umri hadi 16 kwa chaguzi zake mwaka 2013, na uliamuliwa na baraza la mji bila kura ya maoni. Lakini asikimbilie kushangilia, kwa kuwa kila jimbo lina katiba yake. Katika California, miji yenye katiba yake yenyewe ina mamlaka mapana juu ya chaguzi zake. Miji inayoendeshwa kwa sheria za jumla za jimbo haina nafasi hiyo. Oakland, Berkeley na San Francisco zote ni za kundi la kwanza. Kwa hiyo swali la kwanza kuandika kwenye daftari ni hili: mji wetu uko kundi gani? Tumeona vikundi vya vijana vikichora nembo kabla ya kuuliza hilo.

Kwa ngazi ya jimbo zima njia ni nyingine. Mwaka 2020 bunge la California lilipeleka kwa wananchi Pendekezo 18, la kumruhusu kijana wa miaka 17 kupiga kura ya mchujo endapo atatimiza 18 ifikapo uchaguzi mkuu. Hilo lilikuwa badiliko la katiba ya jimbo, kwa hiyo lilihitaji theluthi mbili ya kura katika kila moja ya mabaraza mawili ya bunge kabla hata ya kufika kwa wapiga kura. Wapiga kura wakalikataa kwa takriban asilimia 56.

Tuje kwenye saini, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi huanza na ndipo wengi huumia. California ilijipatia haki ya wananchi kutunga sheria kwa kura Oktoba 1911, wakati wa Gavana Hiram Johnson, na tangu hapo sifa yote imekwenda kwa wakusanya saini. Utaratibu ni huu. Unaandika maandishi kamili ya sheria unayoitaka, unayapeleka kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo pamoja na dola 2,000, naye anakupa kichwa na muhtasari usiozidi maneno 100. Kisha una siku 180 za kukusanya. Baada ya uchaguzi wa gavana wa 2022, kiwango ni saini 546,651 kwa sheria ya kawaida na 874,641 kwa badiliko la katiba, yaani asilimia 5 na asilimia 8 ya kura zilizopigwa kumchagua gavana.

Na hizo ni saini halali. Saini inakufa kwa mambo madogo: mtu ameandika sanduku la posta badala ya anakoishi, au amehama bila kubadilisha usajili wake, au anaishi kaunti nyingine wakati karatasi ni ya kaunti moja, au mkusanyaji amesahau kujaza tarehe kwenye tamko lake chini ya karatasi. Kubwa kuliko yote ni mtu kusaini mara mbili. Kaunti hazikagui uhalali wa zote kwanza; zinachukua sampuli ya asilimia 3, au saini 500, kutegemea ipi ni kubwa. Mwalimu wa hesabu atalipenda hili: kwenye sampuli ya asilimia 3 kila saini inawakilisha takriban 33, lakini jozi moja ya marudio iliyoangukia ndani ya sampuli inakatwa kwa 33.3 mara 32.3, yaani saini zaidi ya 1,000. Sababu ni kwamba uwezekano wa saini zote mbili za mtu mmoja kuangukia kwenye sampuli ndogo ni mdogo sana, kwa hiyo ikitokea mara moja ina maana huko nje marudio ni mengi. Makadirio yakifika asilimia 110 ya kiwango, umepita. Yakiwa chini ya 95, umeanguka. Katikati hapo, zinakaguliwa zote, na wewe husubiri ukiuma kucha.

Sasa sikilizeni vizuri, vijana. Sheria ya uchaguzi ya California inamtaka anayezungusha karatasi za saini awe ametimiza miaka 18. Mwanafunzi wa kidato cha pili akisimama nje ya duka na ubao wa karatasi, kazi yake yote ya Jumamosi inaweza kutupwa. Anaweza kusimama pembeni akaeleza, akagawa vipeperushi, akamwita mtu aje kwenye meza. Ila anayeshuhudia saini na kuweka tamko lake lazima awe mtu mzima.

Mahali pa kusimama napo pana historia inayowahusu wanafunzi moja kwa moja. Katika miaka ya 1970, kwenye jengo la maduka la Pruneyard, mji wa Campbell kusini mwa ghuba hii, wanafunzi wa sekondari waliweka meza ndogo kwenye ua wa katikati wakikusanya saini za ombi kuhusu azimio la Umoja wa Mataifa. Mlinzi akawaondoa. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya California, ambayo mwaka 1979 iliamua kwamba katiba ya jimbo inalinda usemi wa namna hiyo katika majengo makubwa ya maduka hata kama ni mali binafsi; Mahakama Kuu ya Marekani ikauacha uamuzi huo usimame mwaka 1980. Kwa hiyo kila anayekusanya saini leo kwenye jengo la maduka la California amesimama juu ya kazi ya wanafunzi. Mipaka ipo: wenye jengo wanaweza kupanga saa na sehemu, na haki hiyo ni ya maeneo ya wazi ambako watu hukaa na kupumzika. Kibaraza cha duka linalojitegemea ni habari nyingine, kwa hiyo chukueni ruhusa kabla.

Ukishaona ugumu wote huo, utaelewa kwa nini Berkeley na Oakland hazikupita njia ya saini. Mapendekezo yale yalipelekwa kwa wapiga kura na mabaraza ya jiji yenyewe. Kazi ya mwanafunzi ikawa kuwashawishi madiwani, ambao ni watu wachache, wana ofisi, na mikutano yao iko wazi. Kwenye mkutano wa baraza unapewa dakika moja au mbili za kuzungumza. Dakika moja kwa Kiingereza cha kawaida ni kama maneno 130 hadi 150. Mwanafunzi aliyezoea insha ya kurasa tano anapoambiwa apeleke maneno 130, ndipo anapojua ni sentensi ipi hasa ilikuwa inabeba mzigo.

Kalenda ndiyo mtego wa njia hii. Jiji linatakiwa kuikabidhi kaunti hoja yake siku 88 kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa Novemba 3, 2026 siku hiyo ni Agosti 7. Mkihesabu kurudi nyuma mtaona Agosti shule zimefungwa au ndiyo kwanza zinafunguliwa, na mabaraza mengi huwa mapumzikoni sehemu ya kiangazi. Mwanasheria wa jiji naye anataka wiki kadhaa za kuandika lugha ya sheria. Maana yake mazungumzo na diwani yaanze vuli ya mwaka uliotangulia, na rasimu iwe mezani kabla ya mitihani ya Mei. Vikundi vinavyoanza Januari huwa vimechelewa bila kujua.

Tukae kidogo kwenye maandishi yenyewe ya pendekezo, maana hapa ndipo utafiti unapokuwa kazi ya mikono. Chukueni kijitabu rasmi cha mpiga kura cha California. Mbele kuna kichwa na muhtasari. Kisha uchambuzi wa Ofisi ya Mchambuzi wa Bunge, unaoeleza sheria ikoje sasa, itabadilikaje, na fedha zitaathirika vipi. Kisha hoja za kuunga mkono na kupinga. Nyuma kabisa, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezifungulia, kuna maandishi ya sheria. Maneno yanayofutwa yamepigwa mstari katikati. Yanayoongezwa yamelazwa au kupigwa mstari chini. Mwanafunzi akae na kalamu mbili za rangi. Kwa kila neno lililofutwa aandike pembeni: nani alikuwa analindwa na neno hili? Kwa kila lililoongezwa: nani atalitekeleza, na kwa fedha za nani? Kazi hiyo kwa pendekezo la kurasa nne inachukua jioni mbili. Tunashauri afanye hivyo kabla hajasoma hoja za upande wowote, kwa sababu ukishasoma kaulimbiu, macho yako yanaanza kuitafuta ndani ya sheria hata pasipokuwepo.

Kichwa cha habari kinaweza kupotosha bila kusema uongo. Mwaka 2018 Pendekezo 6 lilikusudia kufuta nyongeza ya kodi ya mafuta iliyopitishwa mwaka uliotangulia. Waliolileta walitaka neno kodi liwe mbele. Kichwa rasmi kilianza kwa kusema kwamba pendekezo linaondoa fedha fulani za ukarabati wa barabara na usafiri. Yote mawili ni kweli. Lilianguka. Na mwaka 2020 kulikuwa na Pendekezo 25, lililotokana na watu waliokusanya saini kupinga sheria ya kuondoa dhamana ya fedha mahakamani. Katika kura ya namna hiyo, ndiyo ni kuibakiza sheria na hapana ni kuifuta. Yaani waliolipeleka kwenye karatasi ya kura ndio waliofanya kampeni ya hapana, na wakashinda. Mwanafunzi anayesimama mlangoni bila kulijua hilo atamwambia bibi wa watu apige kura kinyume cha anachotaka.

Wenzetu wa Kenya wanaujua mchezo huu. Novemba 2005 rasimu ya katiba ilipigiwa kura kwa alama za ndizi na chungwa, chungwa likashinda, na wako waliopiga kura bila kufungua ukurasa hata mmoja wa rasimu. Walifuata tunda la kiongozi wao. Huku tunda limegeuzwa namba na herufi, lakini kishawishi cha kumfuata mtu badala ya kusoma maandishi ni kile kile.

Jambo jingine la kukagua mapema ni kiwango cha ushindi. Mapendekezo mengi yanapita kwa nusu na zaidi. Hatifungani za shule California, yaani mikopo ambayo wapiga kura huiidhinisha, tangu Pendekezo 39 la mwaka 2000, zinaweza kupita kwa asilimia 55. Kodi ya shule inayotozwa kwa kila kiwanja kwa kawaida inahitaji theluthi mbili. Kijana anayeendesha kampeni ya kodi hiyo akashangilia asilimia 62 hajafanya hesabu.

Halafu kuna uandishi wa hoja rasmi. Kwa pendekezo la jimbo, hoja ya kila upande ni maneno 500 na jibu ni maneno 250. Kwa pendekezo la jiji ni 300 na 250, na mwanasheria wa jiji anaandika uchambuzi wake usioegemea upande. Wanaotia saini hoja ya jiji hawazidi watano, na kwa kawaida ni madiwani, wapiga kura au viongozi wa vyama, kwa hiyo kijana wa miaka 16 anaweza kuandika kila neno na jina lake lisionekane. Ni kazi ya uchungu na tunaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Hoja zikishawasilishwa zinawekwa wazi kwa siku 10 jijini, au 20 kwa za jimbo, na mtu anaweza kwenda mahakamani kuomba neno la uongo au la kupotosha liondolewe. Andika "shule zote" wakati ni nyingi, na una wakili mlangoni.

Zoezi tunalowapa wanafunzi kabla ya kuandika hoja yao ni kuandika ya upande wa pili, maneno 300 kamili, kisha kumpelekea mtu anayepinga kweli na kumuuliza: hii ndiyo hoja yako? Akisema hapana, rudia. Kwenye suala la umri wa kura wapinzani hawasemi tu kwamba vijana ni watoto. Wanauliza kwa nini mtu asiyeweza kukaa kwenye baraza la wananchi wanaoamua kesi mahakamani aamue matumizi ya kodi, na kama mwalimu anayedai nyongeza ya mshahara atakuwa na darasa la wapiga kura mbele yake. Hilo la mwisho ni zito, na kulijibu kwa kusema "sisi tunajitambua" hakutoshi. Ukiona jibu lako ni jina la kizazi chako, bado hujajibu.

Kuhusu shule yenyewe, mstari ni mwembamba na walimu waliopo hapa wanauhisi. Tangu kesi ya Stanson dhidi ya Mott ya mwaka 1976, fedha za umma California haziruhusiwi kutumika kuwaambia watu wapigeje kura. Shule inaweza kutoa taarifa za pande zote. Mwalimu hawezi kutumia kipindi kushawishi. Mwanafunzi, kwa upande wake, ana uhuru wake wa kusema, kuvaa beji na kuandika katika gazeti la shule. Kinacholeta matatizo ni mashine ya kunakili: vipeperushi 200 vya "Piga Ndiyo" vilivyochapwa kwa karatasi za shule vinatosha kuleta malalamiko rasmi. Chapeni nje, tunzeni risiti. Na kikundi kikishapokea michango ya dola 2,000 ndani ya mwaka wa kalenda, kisheria kimekuwa kamati ya kampeni, kinatakiwa kujisajili, kuwa na mweka hazina na kutoa taarifa za fedha. Vijana hufikiri dola 2,000 ni nyingi mpaka waagize mabango ya uani.

Misikiti na makanisa yetu huuliza kama wanaruhusiwa kushiriki. Taasisi ya hisani isiyolipa kodi imekatazwa kabisa kumpigia debe mgombea. Pendekezo la kura ni tofauti. Kisheria linahesabiwa kama ushawishi wa sheria, na linaruhusiwa ilimradi lisiwe sehemu kubwa ya shughuli za taasisi. Padri au imamu akitaka kutangaza ukumbi wa mjadala baada ya ibada, hajavunja chochote.

Wazazi, hapa naomba mtulie, kwa sababu kosa la sehemu hii halirekebishiki kirahisi. Asiye raia, hata mwenye grini kadi, asijisajili kupiga kura za jimbo au za taifa, na asiweke alama kwenye kisanduku cha uraia akiwa DMV, ofisi ya leseni za udereva, anachukua leseni. Kudai uraia usio wako kunaweza kukufukuzisha nchini. California inawaruhusu vijana kujisajili awali wakiwa na miaka 16, na karatasi hiyo nayo inauliza uraia. Kuna watoto wetu ambao ni raia bila kujua: mwenye grini kadi aliye chini ya miaka 18, anayeishi chini ya malezi ya mzazi aliyepata uraia, kwa kawaida huwa raia moja kwa moja kwa sheria iliyoanza kutumika 2001. Hakikisheni kwa pasipoti au cheti kabla ya kujaza fomu. San Francisco inawaruhusu wazazi wasio raia kuchagua bodi ya shule, kwa Pendekezo N la 2016, kwa fomu ya pekee, na jiji lenyewe linaonya kwamba taarifa hizo zinaweza kuwafikia watu wa uhamiaji. Zungumzeni na mwanasheria kwanza.

Hiyo haina maana asiye raia akae kimya. Anaweza kusema barazani, kugonga milango, kuandika, kutafsiri. Mwanafunzi mwenye grini kadi, akiwa na miaka 16 na wastani wa alama 2.5, anaweza hata kufanya kazi kituoni siku ya uchaguzi.

Na kutafsiri ndiko tunakokupa uzito kuliko wengine wanavyodhani. Sheria ya taifa inayolazimisha karatasi za kura katika lugha nyingine inahusu Kihispania na lugha za jamii za Asia na za wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska. Kiswahili hakimo, hata tungekuwa wengi kiasi gani. Kwa hiyo mwanafunzi anayechukua uchambuzi wa mwanasheria wa jiji na kuuweka kwa Kiswahili ambacho mama yake anakielewa amefanya kazi ambayo ofisi haitaifanya. Ni mtihani pia. Neno kama hatifungani halitoshi peke yake. Itabidi aseme jiji linakopa dola ngapi leo, linalipa nini kwa miaka mingapi, na nyumba yetu ya kupanga itaguswa vipi. Mzazi raia anayehitaji msaada wa kusoma au kujaza kura anaruhusiwa kuingia na watu hadi wawili anaowataka, ila si mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi.

Kuhusu milango, machache. California inatuma karatasi ya kura kwa posta kwa kila mpiga kura aliyesajiliwa, na zinaanza kutoka siku 29 kabla ya uchaguzi. Kampeni inayoweka nguvu zake zote wikiendi ya mwisho inawakuta watu wamekwisha kupiga. Kazi kubwa iwe ni wiki ya kwanza ya Oktoba hadi ya tatu. Nendeni wawili wawili, mwenyeji na asiye mwenyeji wa mtaa. Mlangoni sema jina, shule, pendekezo, sababu moja, kisha uliza swali na nyamaza. Usiache kipeperushi ndani ya sanduku la barua: bila stempu ni kosa kwa sheria ya taifa, na ndilo kosa ambalo vijana hulifanya zaidi kwa nia njema. Kining'inize kwenye kitasa. Siku ya kura kaeni futi 100 mbali na kituo, na vueni beji mkiingia.

Usiku wa matokeo msiamini namba za kwanza. Karatasi zilizotiwa muhuri wa posta siku ya uchaguzi zinahesabiwa zikifika ndani ya siku saba, na kaunti zinapewa takriban mwezi kukamilisha hesabu. Mwaka 2022 mji wa Culver City, karibu na Los Angeles, ulipigia kura suala hili hili la vijana wa miaka 16, na likaanguka kwa tofauti ya kura 16.

Ushindi nao una foleni yake. Berkeley ilipitisha Y1 mwaka 2016, Oakland QQ mwaka 2020, na vijana wa miji yote miwili wakapiga kura ya bodi ya shule kwa mara ya kwanza Novemba 2024. Aliyekuwa na miaka 16 wakati wa Y1 alikuwa na 24. Kilichochukua muda ni kaunti ya Alameda, inayoendesha chaguzi za miji hiyo: ilibidi pawe na orodha tofauti ya wapiga kura, karatasi fupi yenye swali la bodi ya shule pekee, mfumo wa kuzuia kijana asipewe karatasi ndefu, na makubaliano ya nani alipe. Kwa hiyo kwenye daftari lile, chini ya dai la mstari mmoja, ongezeni safu ya pili: jina la ofisi itakayotekeleza, na tarehe mliyozungumza nayo.

Hatua ya mwisho, ambayo wanafunzi huiruka kwa uchovu, ni jedwali la kura kituo kwa kituo ambalo kaunti huliweka wazi baada ya kuthibitisha matokeo. Lipakueni. Safu moja ina ndiyo, moja hapana. Toeni jumla ya hizo mbili kwenye idadi ya karatasi zilizopigwa, mpate walioruka swali lenu kabisa. Ukurasa wa pendekezo la jiji huwa nyuma ya karatasi, na walioruka wanaweza kuwa wengi kuliko tofauti iliyowashinda. Kisha wekeni jedwali hilo kando ya ramani ya milango mliyogonga, mtaa kwa mtaa, na muwakabidhi wa kidato cha chini yenu kabla hamjahitimu.